Aksum inapogeuka Buganda

Katika gemu ya kompyuta ya Civilization VII, ya kujenga taifa zamu kwa zamu, unaanza na Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia. Unasimamisha nguzo za mawe, unapeleka majahazi baharini, unagombania mipaka na jirani yako. Zama za kale zikifika mwisho, gemu inasimama na kukuuliza: sasa utakuwa nani? Ukifuata “njia ya kihistoria” unayoonyeshwa unakuwa Songhai, na zama zikigeuka tena, Songhai inakufungulia Buganda. Mji wako mkuu haujahama hata hatua moja, lakini wenyeji wake wametoka Bahari ya Sham, wakapitia bonde la Niger, wakatua kando ya Nyanza. Mganda atafurahi kuliona jina la kwao kwenye skrini, kisha atauliza: sisi na Songhai tulikutana wapi?

Gemu hiyo ilitoka Februari 2025. Tangu mfululizo huu uanze mwaka 1991, ukichagua Misri ulikwenda na Misri hadi enzi ya roketi. Sasa zama ni tatu, kila moja ina mataifa yake, na anayevuka zote ni kiongozi tu. Wazo lenyewe halikuwa geni: gemu ya Humankind ya studio ya Amplitude, Ufaransa, ilitangulia Agosti 2021, ikampa mchezaji nafasi ya kuchagua utamaduni mwingine kila enzi.

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Katika Civilization VI, ukicheza Marekani unasubiri karne na karne kabla ya kuipata ndege yako ya kivita ya P-51, wakati Sumeria ana magari yake ya vita tangu zamu za mwanzo. Mmoja anakula mapema, mwingine analala njaa mpaka gemu iwe imekwisha kuamuliwa. Taifa likitengenezwa kwa ajili ya zama moja, kila kilicho chake kinafanya kazi wakati wake. Isitoshe, watengenezaji, Firaxis, walisema wazi kwamba wachezaji wengi hawafiki mwisho. Anayejua hali ile ya kuwa mbele mno katikati ya mchezo, ukibofya zamu kama mtu anayepukuchua mahindi, hatabisha. Mapumziko kati ya zama yanampunguza kasi aliyetangulia: miji mingi inarudi kuwa miji midogo, na majeshi yasiyo chini ya makamanda yanaweza kupotea.

Lakini hapo hapo ndipo panapouma. Mchezaji hakuijenga Aksum ili apate mavuno ya dhahabu tu. Aliijenga ili aone ingekuwaje kama isingeanguka. Raha ya gemu hizi imekaa kwenye neno “kama”. Ukimbadilishia jina kwa sababu kalenda imefika, umemnyang'anya swali lake, na umemwambia kwamba kuanguka ni lazima hata kwa aliyecheza vizuri. Hilo mimi naliona kosa kubwa kuliko Songhai kuzaa Buganda.

Na hiyo “njia ya kihistoria” anaichora nani? Chukua sisi wa pwani. Nyongeza ya Humankind ya mwaka 2022 kuhusu Afrika iliweka Wabantu katika enzi ya kwanza na Waswahili katika zama za kati, nawe uko huru kuvifikia vyote viwili kwa njia yoyote. Sasa tuseme Civilization VII ingetuingiza. Waswahili wafunguliwe na nani? Ukiwaweka chini ya Waarabu pekee, umefufua simulizi ya zamani kwamba Kilwa ililetwa na merikebu, ilhali lugha yenyewe ni ya Kibantu. Ukiwaweka chini ya Wabantu pekee, umeifuta bahari. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 (naye ni kiongozi katika gemu hii, kwa bahati nzuri), Wareno wakaipora mwaka 1505, na watu wake hawakuamka siku ya pili wakiwa taifa jingine.

Crusader Kings III, gemu nyingine ya kutawala falme, ilipata njia iliyo karibu zaidi na hali halisi ilipobadilisha mfumo wake wa tamaduni mwaka 2022. Pale utamaduni unaweza kuchanganyika na wa jirani au kujitenga na chimbuko lake, kwa gharama, na baada ya masharti kutimia. Mchezaji ndiye anayeamua, kwa sababu ya mambo aliyoyatenda. Civilization VII inaligusa hilo kidogo: ukiwa na farasi wa kutosha, Mongolia inafunguka. Sehemu hiyo ndiyo ningeikuza, japo najua haimsaidii Mmarekani na ndege yake.

Mwishoni mwa 2025 Firaxis walitangaza kwamba wanatafuta namna ya kumruhusu mchezaji abaki na taifa moja zama zote. Wengi walishangilia. Mimi nasubiri kuona Aksum atakayefika zama za viwanda kwa jina lake mwenyewe atapewa nini cha kwake huko, au atakuwa mzee aliyekaribishwa harusini bila kiti.