Ushahidi wa Kinanda

Mimi ni mpiga kinanda cha taarab, na Juni ikifika ukingoni huniingia homa. Mwisho wa kupeleka ritani za kodi ni tarehe 30, ukichelewa faini haipungui shilingi 2,000, na saiba zote za intaneti za Majengo hujaa kuliko feri ya Likoni saa kumi na moja jioni.

Mwaka huu nikaapa: gharama zangu zote lazima zitolewe kwanza. Si sheria imeruhusu? Ulichotumia kutafutia mapato, na kwa hilo peke yake, hakitozwi kodi. Nikaenda kwa mhasibu mmoja kijana huko Kibokoni. Mke wangu, Mama Swaleh, akanifuata, maana yeye ndiye mweka risiti, kwenye kopo la biskuti juu ya friji.

Kopo likafunguliwa. Joto la Mombasa lilikuwa limeshamaliza kazi yake. Risiti za spika, za waya, za maikrofoni, zote nyeupe pe! Moja tu ndiyo iliyosomeka, nayo ni ya kilo mbili za nyama ya mbuzi.

"Hii nayo ni ya kazi, ami?"

"Tena sana. Mpiga dumbaki wetu bila pilau mikono hainyanyuki."

Akaiweka kando kwa vidole viwili.

Halafu akanipa somo. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa kielektroniki wa watu wa kodi, haikubaliwi. Sasa yule kijana wa tuktuk anayenibebea spika saa tisa usiku nimdai eTIMS? Si ataniteremsha hapo hapo! Nikajaribu koti langu la kumetameta. "Hilo hata Idi unalivaa, ami." Kweli nalivaa.

Tukabaki na kinanda. Karatasi zake ninazo, kamili. Mhasibu akasema hakitolewi chote kwa mkupuo. Hukatwa kidogo kidogo kila mwaka kadiri kinavyochakaa. Ila atahitaji ushahidi kwamba ni cha kazi, si cha watoto kuchezea nyumbani.

"Ushahidi upo!" Mama Swaleh akachomoa simu. Video ya harusi, Kisauni.

Kinanda kikaonekana, jina la kampuni hadi vifungo. Nikaonekana mimi, jasho jembamba, macho nimeyafumba kwa utamu. Kisha kinamama wakaanza kuja kutunza. Noti ya mia mbili kwenye kola. Ya mia tano juu ya kinanda. Ya elfu. Nikamwangalia mhasibu: midomo inacheza. Kinanda hakitazami tena, anahesabu.

"Ami, hizi mbona sizioni kwenye mapato?"

"Hizo ni tuzo, mwanangu. Watu wamefurahi tu."

"Wamefurahi ukiwa kazini. Hayo ni mapato."

"Na tunagawana bendi nzima!"

"Mgao mmeuandika wapi?"

Nikanyoosha mkono nizime simu. Mama Swaleh akaivuta kwake, akairudisha video nyuma, akaisimamisha.

"Huyu wa dera la zambarau mbona anakuja tena na tena?"

Kimya. Feni tu.

"Na wenziwe wote wanaweka kwenye kola. Yeye elfu yake anaitia mfukoni mwa shati kwa mkono wake, kisha anapapasa kuhakikisha imefika."

"Mama Swaleh, ile ni heshima ya—"

"Mhasibu, ziandike zote. Hii ya mfukoni ipigie mstari mwekundu. Nyumbani kwangu haikufika."