Majoka ya Mbali na Kivuli cha Luanda Magere

Ukikaa na wapenzi wa vitabu pale Kisumu, hata kwa muda mfupi, lawama hii itakufikia: vijana wamezama kwenye majoka ya kigeni, hadithi za ziwa lao hawazijui. Lawama yenyewe haikuzuka bure. Riwaya ya majoka ya Rebecca Yarros, Onyx Storm, ilipotoka Januari 2025 iliuza zaidi ya nakala milioni 2.7 katika wiki ya kwanza, na huku kwetu wapo waliokesha nayo kwenye simu. Mashabiki wa George R. R. Martin, mwandishi mwingine wa majoka, nao wangali wanasubiri kitabu cha sita cha mfululizo wake, ilhali cha tano kilitoka 2011. Kizazi kinachosemwa kuwa hakipendi kusoma kimesoma maelfu ya kurasa na bado kinadai zaidi.

Wasomaji wa riwaya za kihistoria wako vivyo hivyo. Yupo atakayekutajia wake sita wa Henry wa Nane wa Uingereza kwa mpangilio, na yupi alikatwa kichwa, lakini ukimuuliza kuhusu Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, anababaika. Na Koitalel ni riwaya iliyokaa tayari. Babake, Kimnyole, anakumbukwa kwa kutabiri nyoka wa chuma atakayekuja akitema moshi. Reli ikafika Kisumu Desemba 1901, Wanandi wakiipinga kwa silaha. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel akaitwa kwenye mazungumzo ya amani, na pale pale akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Uingereza. Utabiri, vita, usaliti mezani: vyote ambavyo msomaji huyu anavitafuta katika kasri za London vilitokea mwendo mfupi tu kutoka mlangoni pake.

Kufikia hapo nawaunga mkono wanaolaumu. Ninapoachana nao ni pale wanapomgeuzia kidole msomaji. Asome nini? Mpenzi wa fantasia hatafuti kisa peke yake. Anatafuta ulimwengu wa kuhamia: kurasa mia sita, ramani mwanzoni, koo zenye uhasama wa miaka mingi, na kitabu cha pili kikimngojea. Ngano zetu humfikia zikiwa kurasa tatu ndani ya kitabu cha shule, na maswali ya ufahamu chini yake. Hata Grace Ogot, mwandishi mkubwa aliyezaliwa Asembo, alimwandika Oganda, binti wa chifu anayetolewa kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe, katika hadithi fupi iliyomo kwenye mkusanyiko wake wa 1968. Ni hadithi nzuri mno. Unaimaliza kabla chai haijapoa, kisha huna pa kwenda.

Hapo wanaolaumu wana haki ya kunikatiza, maana riwaya kamili zipo. Margaret Ogola alitoa The River and the Source mwaka 1994, vizazi vinne vya wanawake kuanzia Akoko katika Unyanza ya karne ya 19, na mwaka uliofuata akatwaa Tuzo ya Jomo Kenyatta. Watu wa Nakuru wana Dance of the Jakaranda ya Peter Kimani, ya 2017, inayoisuka historia ya reli na hoteli iliyo katika mji wao. Sina jibu zuri la kwa nini ya Kimani haizungumzwi zaidi Nakuru kwenyewe; inastahili. Lakini ya Ogola najua kilichoipata. Iliteuliwa kutahiniwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na wengi waliisoma kalamu mkononi, wakiwinda maudhui na sifa za wahusika. Kitabu kilichowahi kukunyima usingizi kwa hofu ya mtihani ni vigumu kukirudia kwa raha. Bei nayo haisaidii: tangu sheria ya 2013 vitabu vinatozwa kodi ya VAT ya asilimia 16, kwa hiyo kijana ananunua mtumba wa barabarani, na mtumba huja na vya ng'ambo.

Kuna sababu nyingine inayotajwa kwa sauti ya chini, na naiona ndiyo nzito kuliko zote. Chukua Luanda Magere, shujaa wa Waluo wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mikuki ya Wanandi ikidunda juu yake. Wanandi wakamtolea msichana mrembo awe mkewe. Siku moja Magere akaugua, akamwambia achanje kivuli chake badala ya mwili. Msichana akachanja, damu ikatoka kivulini. Usiku akatoroka kwao na siri hiyo, na katika vita vilivyofuata kivuli kikachomwa mkuki, Magere akafa na kugeuka jiwe.

Katika ngano nyingi msichana huyu hana hata jina. Ila mwandishi wa riwaya hawezi kumkwepa. Ni binti aliyepelekwa peke yake katika boma la adui, akajifunza lugha yao, akapika kwao, akalala kando ya mtu aliyewaua ndugu zake, kisha siku moja akashika wembe na kuona damu mahali isipotarajiwa. Kule Kano atasimuliwa kama msaliti. Kule Nandi ni shujaa aliyewaokoa watu wake. Riwaya ya kweli ingembeba kwa pande zote mbili, na ndiyo maana watu wanaiogopa. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, ambazo Nakuru na Kisumu ziliziona kwa macho, nani anataka kuandika kurasa mia nne za Mluo na Mnandi wakiuana? Mchapishaji ana sababu ya kusita, na simwoni kuwa mwoga.

Wengine wanapendekeza fantasia iwe kimbilio: badilisha majina ya makabila, buni milima mingine, usimguse mtu. Njia hiyo ina faida zake, na Kiswahili kimeizoea tangu zamani. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, aliwageuza ndugu wa Adili kuwa manyani mwaka 1952 na wasomaji wakamwelewa. Lakini kwa Magere naona ingepoteza kitu. Jiwe lake linaonyeshwa hadi leo, na anayelijua atakitambua kisa hata ukikivika majina mapya, kisha atauliza kwa nini umemficha.

Mimi ningependa kisa hicho kiandikwe na majina yake halisi, kiandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu Mluo na Mnandi wanapouziana mahindi na samaki sokoni Muhoroni ndicho wanachozungumza, na si cha mmoja wao. Na kiandikwe kirefu. Wachapishaji wetu wamezoea riwaya ya Kiswahili ya kurasa mia mbili inayotosha muhula wa shule, na mswada mnene hurudishwa upunguzwe. Msomaji wa majoka hajawahi kulalamika kwamba kitabu ni kinene.