"Jina litakuja": mteja akitapeliwa, nani alipe?

Tarehe mbili ya mwezi, saa moja jioni, ujumbe uliingia kwenye simu ya shemeji yangu: ile kodi itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Shemeji alikuwa barazani, hela ya kodi ipo tayari kwenye simu, na mwenye nyumba alikuwa amemkumbusha asubuhi ya siku hiyohiyo. Akatuma. Jina likaja kama ujumbe ulivyosema, akaweka namba ya siri, salio likashuka. Kesho yake mwenye nyumba akapiga kuuliza kulikoni, ndipo ikajulikana kwamba amepigwa. Huduma kwa wateja walimsikiliza vizuri tu, kisha wakamwambia muamala ameuthibitisha mwenyewe, kwa namba yake ya siri.

Nyumbani alichekwa wiki nzima. Mtu na digrii yake!

Kicheko kile ndicho kinachonifanya niandike, kwa sababu nimekikuta pia kwenye tafiti za kitaaluma, huko kikiwa kimevaa suti. Mwanafunzi wa uzamili kwetu anayetaka kuandika kuhusu usalama wa mifumo na tabia za wateja mara nyingi hupita njia moja. Anachukua kielelezo cha Fred Davis cha mwaka 1989, kinachosema mtu hukubali teknolojia kwa kuangalia manufaa na urahisi wake, anakiongezea kisanduku cha "usalama", kisha anagawa dodoso lenye majibu matano, kuanzia nakubali sana hadi sikubali kabisa. Wahojiwa ni 384, maana jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 linafika hapo jamii ikiwa watu milioni moja. Mwishoni yanakuja mapendekezo: elimu itolewe kwa watumiaji. Bado sijakutana na tasnifu ya aina hiyo inayopendekeza elimu itolewe kwa kampuni.

Kampuni zina hoja, na si ya kubeza. Zikilazimishwa kumrudishia kila anayedai katapeliwa, kesho binamu wawili watatumiana laki tano, mmoja azitoe kwa wakala upesi, mwingine apige simu akilia. Kwenye kumbukumbu za mtambo, muamala wa binamu hawa na wa shemeji yangu unafanana kila kitu: namba sahihi, namba ya siri sahihi, simu ileile ya kila siku. Tena hela ikishatolewa taslimu haipo mahali pa kuzuiwa, na fidia itatoka mfukoni mwa mtu. Mwishowe ni kwenye makato tunayolipa sote. Na mteja anayejua atalipwa, wanasema, hataisoma namba kabla ya kubonyeza. Wachumi wana jina lao kwa jambo hili. Sisi tunaweza kuliita kulegea kwa mwenye bima.

Hata kinga zao hazikuwa za maneno matupu. Kuonyesha jina la mpokeaji kabla ya mtu kuweka namba ya siri kumewaokoa wengi waliokosea tarakimu moja. Ila tazama matapeli walivyolijibu hilo: "jina litakuja". Maneno mawili tu, na kinga ikageuka kuwa chambo. Jina lililowekwa ili mteja ashtuke sasa linamtuliza, kwa kuwa ameambiwa mapema atakutana nalo. Kumlaumu aliyeliona jina kisha akaendelea ni kumlaumu kwa kuamini kile skrini ilichojengwa ili akiamini.

Kuna jambo lingine wanaocheka hawalipigii hesabu. Ujumbe ule haukutungwa kwa ajili ya shemeji. Ulitumwa kwa namba nyingi, na wengi walioupata waliufuta bila kufikiri, kwa sababu hawakuwa na kodi ya kulipa siku ile. Hatuwezi kusema hao walikuwa werevu; ujumbe haukuwahusu. Ulimnasa yule ambaye usiku ule hasa alikuwa anangoja kutuma. Dodoso linalouliza "je, unaweza kuutambua ujumbe wa kitapeli?" halimpati mtu huyu, maana siku ya dodoso hadaiwi na mtu.

Hesabu ninayoipenda zaidi katika mjadala huu ni ya mwaka 2009, ya Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft. Aliuliza: tukimwambia kila mtumiaji awe makini zaidi, umakini huo unagharimu kiasi gani? Akachukua watu wazima milioni 180 wanaotumia intaneti Marekani, akaithamini saa ya kila mmoja kwa mara mbili ya kima cha chini cha mshahara cha dola 7.25. Saa moja ya wote ni karibu dola bilioni 2.6. Sasa waambie wakague anwani za tovuti kwa dakika moja tu kila siku. Dakika moja kwa siku ni saa sita na ushei kwa mwaka, kwa hiyo ushauri huo ambao kila benki huutoa bure una gharama inayozidi dola bilioni 15. Herley aliona inazidi kwa mara mia na zaidi hasara yote ya moja kwa moja ya utapeli uliolengwa kuzuiwa. Akahitimisha kwamba anayepuuza ushauri wa namna hiyo si mjinga. Amepiga hesabu vizuri, ingawa hakushika kalamu.

Unaweza kuipinga hesabu hiyo. Dakika ya mtu aliyekaa sebuleni haina bei ya dakika ya kazini, na hasara ya wote ikigawanywa kwa wote haionekani kama inavyoonekana kwa mmoja aliyepoteza kodi ya miezi mitatu. Nayakubali yote mawili. Lakini la pili linaukata ushauri uleule: kama hasara ni ndogo kwa jumla na inamvunja mmoja mmoja, basi ni jambo la kubebwa kwa pamoja, na aliyekaa mahali pa kukusanya kidogo kidogo kwa kila mtu ni kampuni. Na simama kwenye kibanda cha wakala mwisho wa mwezi uone dakika zinavyopatikana. Bibi anatoa kitochi kwenye pindo la kanga, anampa kijana, anamtajia namba ya siri kwa sauti. Nyuma kuna watu sita. Menyu ya nyota na reli haingoji: ukichelewa kusoma inajifunga, unaanza upya. Bibi angeweza kujifunza kubonyeza mwenyewe, na foleni ingemla nyama. Amechagua kumwamini kijana anayemjua, anayemwona kila siku, ambaye mama yake anakaa mtaa wa pili. Hiyo nayo ni njia ya usalama, tena ya zamani kuliko simu.

Anne Adams na Angela Sasse wa University College London waliyasema yanayofanana na haya tangu 1999, katika makala yenye jina linalojieleza: watumiaji si adui. Walichunguza wafanyakazi waliokuwa wakiandika nywila zao kwenye vikaratasi, wakakuta kosa lilianza kwenye kanuni zilizowataka wabadili nywila mara kwa mara na kukumbuka nyingi kwa pamoja. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikuja kuachana na ushauri wa kubadili nywila kila baada ya muda mwaka 2017. Kati ya miaka hiyo miwili, hesabu mwenyewe semina ngapi zilifanyika za kuwafundisha watu nidhamu ya nywila.

Namba ya siri ya tarakimu nne nayo ina utafiti wake. Mwaka 2012 Joseph Bonneau, Sören Preibusch na Ross Anderson, wakiwa Cambridge, waliwauliza wateja wa benki zaidi ya 1,100, wakakadiria kwamba mwizi anayejua kazi yake, akiibahatisha namba kwa tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kitambulisho, atafungua kadi moja katika kila pochi 11 hadi 18 anazoiba. Hapo msomaji wa haraka atasema: umeona, wateja wazembe. Waandishi walikuwa na somo kwa mteja, kweli, lakini benki nazo walizipa lao: namba kama 1234 zikataliwe na mtambo wenyewe, kwani baadhi ya benki kubwa zilikuwa bado zinazipokea, na siku za usoni mteja asiachiwe kujichagulia.

Kwetu jambo hili lina ladha yake. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Imo kwenye vivuli vya vitambulisho tunavyoviacha stationery na kwenye fomu za ofisi zisizo na idadi. Kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa ya Mtanzania si siri. Lakini kampuni nayo inaijua, maana laini imesajiliwa kwa namba hiyohiyo. Mtambo ungeweza kuikataa 1987 kwa aliyezaliwa 1987 siku hiyo anayoichagua, bila semina na bila bango.

Kwa nini basi bango hutangulia? Jibu lililonishika zaidi ni la Ross Anderson, aliyefariki mwaka 2024. Alichunguza wizi wa mashine za kutolea fedha pande mbili za Atlantiki. Marekani, mteja akikana muamala, benki ilipaswa kuthibitisha kwamba kausema uongo au irudishe hela. Uingereza, mzigo kwa kiasi kikubwa ulikuwa wa mteja. Ungetarajia benki za Uingereza zipone. Anderson na Tyler Moore waliandika kwenye jarida la Science mwaka 2006 kwamba ilikuwa kinyume: zilitumia fedha nyingi zaidi kwenye usalama na zikaibiwa zaidi. Wafanyakazi walijua lalamiko la mteja halitapewa uzito, wakalegea, na wizi ukafurika.

Maana yake kule kulegea kwa mwenye bima, silaha kuu ya hoja ya kampuni, kunakata pande zote mbili. Anayelegea ni yeyote asiyelipa. Na kati ya shemeji, ambaye atatapeliwa pengine mara moja maishani, na kampuni inayoona kila muamala, inayojua laini ipi imesajiliwa jana na leo imepokea kodi za watu kumi na wawili, ulegevu wa nani una madhara zaidi? Nadhani tafiti zetu hazikosei kumpima mteja. Zinakosea kumpima peke yake.

Uingereza sasa imegeuza meza. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, aliyedanganywa akatuma fedha mwenyewe kwa mtandao wa malipo ya papo hapo hurudishiwa hadi pauni 85,000, na mzigo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya taasisi iliyotuma na iliyopokea. Mzembe aliyekithiri halipwi, na hadi pauni 100 inaweza kukatwa ili mteja naye aonje uchungu. Kikomo kilichopendekezwa mwanzoni kilikuwa pauni 415,000; malalamiko yalikishusha. Sisemi tunakili. Miamala yetu ni ya elfu kumi, elfu hamsini, na kuchunguza kila dai kunaweza kugharimu kuliko dai lenyewe. Na binamu wawili wapo kweli.

Nusu ya aliyepokea ndiyo ningeitaka hata kesho. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Tanzania tarehe 1 Mei 2019, na tulipanga foleni kwelikweli. Kila laini inayosema "jina litakuja" ina kidole cha mtu nyuma yake, na ina aliyeisajili. Hata hivyo kazi ya kufuatilia nayo tumepewa sisi: tutume namba ya tapeli kwenda 15040, tupige *106# tuone laini zilizo chini ya vitambulisho vyetu.

Shemeji alifanya vyote viwili, siku ileile aliyojua kwamba amepigwa. Kwenye kitambulisho chake zilitokea laini tatu. Anazo mbili.