Niliita "Bibi", Sikuita "Mama"

Kwanza kabisa, sikulia. Yale yalikuwa maji ya chumvi, na aliyewarushia kwenye kundi ile sauti yangu ya usiku niliokwenda baharini kupiga picha za nyota analijua hilo vizuri, maana yeye alikuwa nchi kavu anakula mshikaki. Pili, sikuita "mama". Niliita "bibi". Sikilizeni tena.

Nyinyi mnaouliza kama nilisahau kuchaji: betri zilijaa, mpaka za akiba. Kifuniko cha lenzi nilikitoa. Fokasi niliiweka kwa mkono juu ya nyota moja ya Nge, lile kundi la nyota lenye umbo la nge, nikaibana kwa selotepu isisogee. Tochi nyekundu, ili macho yabaki yamezoea giza. Usiku wenyewe niliuchagua: mwezi haupo, Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota, iko utosini, nami niko mbali kabisa na taa za mahoteli ya Paje, Zanzibar. Sisi watu wa Dodoma mwezi tunautafuta Ramadhani ikikaribia tu. Nani angeniambia kwamba usiku usio na mwezi ndio wa bamvua, maji yakipwa yanapwa hadi mwambani, na yakirudi yanapanda zaidi ya mita 3?

Haya, yupo aliyeniambia. Mzee mmoja alinipita na pweza wake mkononi: "Mwanangu, maji yashageuka hayo."

"Ahsante babu, namalizia."

Akanitazama, akalitazama begi langu pale mchangani, akaenda zake.

Basi nimebonyeza. Sekunde 20 shata, kile kilango cha kamera cha kupitisha mwanga, iko wazi, hata kupumua unapumua kwa adabu. Vidole vya miguu vilikuwa vimelowa tangu picha iliyopita, nikasingizia umande. (Nyamazeni.) Sekunde ya sita, umande uko kwenye vifundo. Ya kumi, kiwimbi kikalinyanyua begi, likapita mbele yangu polepole, viatu vyangu vimekaa juu yake. Ningenyoosha mkono ningelidaka! Lakini ningeigusa stendi, na ile picha nilishaipenda kabla sijaiona. Ya kumi na tatu, kitu kikanizunguka ugokoni. Kirefu, cha baridi, kinateleza. Halafu kikavuta. Na mimi pweza nimetoka kumwona sasa hivi, mikono yake bado inajinyonganyonga.

Hapo ndipo ilipotoka hiyo sauti mnayoirudiarudia.

Ilikuwa kamba ya mwani.

Mengine ni mafupi. Bonde lililo kati yangu na ufukwe lilishajaa kitambo, kumbe maji huanza kukuzunguka kwa nyuma. Nikavuka yakiwa kifuani, kamera na stendi nimejitwika kichwani. Begi lilinasa kwenye vigingi vya shamba la mwani, akina mama wanaoulima wakanirudishia asubuhi, wakinipa pole huku wamegeukia pembeni. Picha ninayo: Nge ana mikia miwili.

Kiatu cha kushoto, namba 42, hakijaonekana. Atakayekiokota Jambiani au Bwejuu aniandikie faragha, si kwenye kundi.