Kidirisha cha kuzuia kinabeba lawama isiyo yake

Wengi wanaojifunza kuandika programu za kompyuta ya mezani hufundishwa mapema kukichukia kidirisha cha kuzuia, yaani kile ambacho kikishafunguka, dirisha lililokizaa halipokei tena bonyezo wala herufi mpaka chenyewe kijibiwe. Hoja yao ina uzito na ina ukoo. Larry Tesler, mtaalamu wa kompyuta aliyefanya kazi katika maabara ya utafiti ya Xerox PARC miaka ya 1970 kisha akahamia Apple, alipinga hali za kumfungia mtumiaji njia kwa bidii kiasi kwamba kibao cha gari lake kilisomeka NO MODES, yaani hali hizo zisiwepo. Tena, anayeulizwa kila saa kama ana hakika huishia kubonyeza "Ndiyo" bila kusoma. Kwa dirisha la kutafuta neno au la kuchagua rangi, sina la kubisha: liachwe huru.

Hata hivyo, hoja hiyo inamdhania mtumiaji aliyeketi peke yake na kazi moja mkononi. Mapokezi ya nyumba ya wageni mjini Lamu hayako hivyo. Mpokezi ameanza kuingiza malipo ya mgeni wa ghorofa ya juu. Kabla hajamaliza, wanaingia wengine waliovuka kwa boti kutoka Mokowe na mabegi yao, simu inalia, naye anainuka kumwachia mwenzake kiti. Vidirisha vyote vikiwa huru, huyo wa pili anafungua fomu ya mgeni mwingine juu ya ile ya kwanza, na fomu mbili za malipo zinafanana kwa kila kitu isipokuwa jina lililoandikwa juu kwa herufi ndogo. Kiasi kinaingia kwa asiyestahili, na kosa halijulikani mpaka asubuhi ya kuondoka, pale mgeni anapodaiwa alichokwisha kulipa, mbele ya mkewe na mchukuzi anayesubiri. Kidirisha cha kuzuia kingemlazimisha aliyepokea kiti aamue kwanza kama malipo yaliyoanzwa yahifadhiwe au yafutwe.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni kwamba programu "imeganda", na hapo ndipo kidirisha kinaposingiziwa. Katika Tkinter, maktaba ya kuundia madirisha katika lugha ya Python, kwa mfano, dirisha la pili huundwa kwa amri ya Toplevel, na amri ya grab_set huelekeza kwake kila bonyezo la programu hiyo. Amri ya transient ni nyingine kabisa: ndiyo inayoueleza mfumo wa madirisha kwamba hili ni la yule, likae juu yake na lipunguzwe pamoja naye. Mwandishi akiandika ya kwanza na kuisahau ya pili, mtumiaji atabofya dirisha kubwa, nalo litapanda juu na kukifunika kile kidirisha. Vitufe anaviona, lakini havimjibu. Kidirisha kinachongoja jibu kimejificha nyuma. Mtu huyo atazima kompyuta kwa kidole, na data ambayo haijahifadhiwa itakwenda nayo. (Wanaotumia lugha ya Java hufika huko huko wanapoipa JOptionPane, amri ya kufungulia vidirisha vya ujumbe, null, yaani pasipo kitu, badala ya dirisha mwenyeji, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa katika mfano walionakili.) Kuzuia hakukuwa na kosa hapo; kilichokosekana ni kidirisha kuwa na dirisha mwenyeji.

Upande wa pili una swali lisilokwepeka: mgeni akiuliza kama kuna chumba wakati malipo ya mwingine yamefunguliwa, mpokezi amwambie nini? Jibu limekuwapo tangu Java 6 ya mwaka 2006, iliyotenganisha kuzuia programu nzima na kuzuia madirisha ya shina moja tu, yaani yale yaliyotokana na dirisha moja lisilo na mwenyeji. Chati ya vyumba ikifunguliwa kama JFrame, yaani dirisha kuu, inayojitegemea, na kidirisha cha malipo kikafungwa kwa fomu ya mgeni kwa DOCUMENT_MODAL, jina la aina hiyo ya kuzuia shina moja, fomu hiyo itanyamaza huku chati ikiendelea kusomeka na kubofywa. Sharti lake ni moja, na ni la mwandishi kulichunga tangu mstari wa kwanza: fomu nayo iwe JFrame yake yenyewe. Akizifanya fomu na chati zote mbili kuwa JDialog, yaani vidirisha, zenye mwenyeji mmoja, shina litakuwa moja, na chati itanyamaza pamoja na fomu.