Jicho la Mtoto Lisifichwe kwa Aibu ya Ukoo

Mboni ya mtoto ikitoa weupe taa inapommulika, au ikitokea nyeupe kwenye picha ya simu, wapo wanaoliita jicho la paka. Atatajwa jirani mwenye kijicho, au mama ataulizwa alikula nini mimba ilipokuwa changa. Mimi nasema weupe ule, na hata makengeza yaliyoanza ghafla, ni sababu ya kumpeleka mtoto Bombo, hospitali yetu ya mkoa hapa Tanga, wiki hiyo hiyo. Huenda ni retinoblastoma, saratani ya retina, ule utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Saratani hii huwapata zaidi watoto wasiofikisha miaka 5.

Inaniuma kwa sababu asili ya ugonjwa huu si fumbo tena. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Marekani, Alfred Knudson, alichapisha utafiti uliotokana na kumbukumbu za wagonjwa 48 tu. Mashine za kusoma jeni kama za leo hazikuwapo. Alichofanya ni kuhesabu: nani ana uvimbe jicho moja, nani macho yote mawili, aligundulika akiwa na umri gani, katika familia yake nani mwingine aliugua. Akaona wenye uvimbe macho yote mawili huugua wakiwa wadogo zaidi. Hapo akafikia hoja yake: seli ya retina huhitaji kuharibika mara mbili ndipo saratani ianze, na mtoto wa aina ya kurithi huzaliwa na hitilafu ya kwanza tayari mwilini mwake.

Sisi watu wa Tanga, mji wa baiskeli, hilo halitupi tabu. Breki ya mbele ikikatika, ya nyuma bado itakusimamisha; zikikatika zote mbili, hakuna cha kukuzuia. Jeni inayohusika inaitwa RB1, iko kwenye kromosomu ya 13, na kazi yake ni kuzuia seli zisigawanyike ovyo. Kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Jeni yenyewe ilipatikana maabara mwaka 1986, miaka 15 baada ya hesabu za Knudson. Ndiyo maana nawaheshimu sana wauguzi wanaojaza faili la mgonjwa kwa makini, hata foleni ikiwa ndefu.

Lakini faili halina faida kama nyumbani tunaficha. Takriban wagonjwa 40 katika kila 100 wana aina inayoweza kurithishwa, na hapo ndipo ukoo hunyamaza, wakihofia mabinti hawataolewa. Ukweli ni kwamba wengi wa watoto hao ndio wa kwanza kuugua katika ukoo wao. Hitilafu imeanza kwao. Hakuna mzazi aliyekosa. Anayeumia kwa ukimya huo ni mdogo wa yule mgonjwa, ambaye hapelekwi kupimwa.

Utafiti uliotolewa mwaka 2020, wenye wagonjwa 4,351 kutoka nchi 153, ulionyesha kwamba katika nchi maskini karibu nusu yao waligunduliwa saratani ikiwa imeshatoka nje ya jicho. Katika nchi tajiri hawakufika 2 katika 100. Kule mtoto hugunduliwa akiwa na miezi kama 14, katika nchi maskini miezi kama 30. Saratani ni ile ile, sisi tunachelewa.

Kuna na lile la kung'oa jicho. Daktari akilitamka, wapo wazazi wanaobeba mtoto na kuondoka wodini. Nawaelewa, na bado nasema wanakosea. Jicho lililojaa uvimbe mara nyingi halioni tena, na likiachwa, saratani hufuata mshipa wa fahamu hadi kwenye ubongo. Baba, mjomba na bibi, ambao neno lao ndilo la mwisho, waende wenyewe wakamsikilize daktari kabla ya kukataa.

Na aliyepona akafika umri wa kuoa au kuolewa asionewe haya. Akiwa na aina ya kurithi, kila mtoto atakayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipokea jeni hiyo yenye hitilafu. Mchumba aambiwe mapema, kliniki ya wajawazito iambiwe, na kichanga kianze kupimwa macho tangu wiki za kwanza, kirudishwe kila tarehe kitakayopangiwa. Uvimbe ukikutwa ungali mdogo, huweza kutibiwa kwa leza au kwa kugandishwa, na jicho likabaki linaona.