Mkono wa bibi chini ya taa moja: kamera ndogo au simu?

Desemba iliyopita tulikuwa Kibosho, Moshi, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Mjukuu alikuwa amepata kipaimara asubuhi, na ilipofika saa mbili usiku sherehe ilikuwa imehamia uani, chini ya turubai, kwa taa moja ya LED iliyovutiwa waya kutoka jikoni. Bibi akasimama na jani la sale mkononi, mmea wa heshima kwetu Uchagani, akaanza kumbariki mtoto. Nikatoa simu, nikapiga.

Picha ilitoka nzuri kwa namna ya kushangaza. Turubai linaonekana, viti vinaonekana, hata migomba ya nyuma, ambayo kwa macho yangu ilikuwa giza tupu, imetoka na ukijani wake. Uso wa bibi unasomeka. Ila mkono wenye sale haupo. Pale ulipotakiwa kuwa pana ukungu wa kahawia na kijani, kama mtu aliyepitisha kitambaa juu ya rangi mbichi.

Kaka yangu mkubwa alikuwa amesimama pembeni yangu na kamera ndogo, Sony RX100, aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Picha yake ina chenga, vile vinukta vinavyotapakaa kwenye picha ya gizani, migomba haipo, nusu ya wageni wamemezwa na giza. Lakini mkono upo. Unaona mishipa, unaona pete, unaona tone la maji kwenye ncha ya jani.

Nimezilinganisha picha hizo mbili mara nyingi, kwa sababu wadogo zangu huniuliza swali lile lile: "Nina laki nne, tano hivi. Ninunue kamera ndogo ya kupigia picha za usiku, au niongezee nibadilishe simu?" Majibu wanayopewa mtaani ni mawili, na kila upande hujibu kama vile upande wa pili hauna akili. Mimi naona pande zote mbili zina hoja, na kinachoamua ni jambo ambalo watu hawaulizwi dukani: unachotaka kukipiga picha kinatulia au kinatembea?

Nianze na simu, kwa sababu wapenzi wa kamera hawaitendei haki. Simu nyingi za miaka ya karibuni zina hali ya usiku. Google waliileta kwenye Pixel mwishoni mwa mwaka 2018 kwa jina la Night Sight, na wengine wakafuata kwa majina yao. Ukibonyeza mara moja, simu haipigi picha moja. Inapiga nyingi mfululizo, zinaweza kufika 15, halafu programu inazipanga moja juu ya nyingine na kuziunganisha. Chenga hukaa mahali tofauti katika kila picha, hivyo zikijumlishwa zinafutana, na kile kilichotulia kinabaki. Ndiyo maana migomba ya bibi ilionekana. Kwa Kibo wakati jua limeshazama, kwa mnara wa saa pale Moshi mjini usiku, kwa keki kabla haijakatwa, simu nzuri inaishinda kamera nyingi ndogo zilizoshikwa mkononi bila stendi. Na huku kwetu giza halisubiri. Tuko digrii tatu tu kusini mwa ikweta. Jua likizama kwenye saa kumi na mbili na nusu, mwanga hauchukui hata nusu saa kuisha. Simu iko mfukoni tayari, na picha inafika kwenye grupu la ukoo kabla wali haujapakuliwa.

Tatizo linaanza pale mtu anapocheza, anapopunga mkono, anapocheka akatupa kichwa nyuma. Picha zile nyingi zinapounganishwa, kilichosogea hakikai mahali pamoja. Programu ina njia mbili tu: ikivute kiwe ukungu, au ikate sehemu hiyo itumie picha moja, ambayo ina chenga nyingi kwa kuwa sensa ya simu, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo. Simu za bei ya kati huongeza kosa la tatu: zinalainisha chenga hizo hadi ngozi ya mtu inafanana na nta. Sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaoumia zaidi hapo, maana chenga hujitokeza kwanza kwenye rangi za giza, na programu inayozifuta hufuta na uso.

Sasa kamera. Mwanga unaoingia kwenye picha unategemea upana wa tundu la lenzi, ukubwa wa sensa, na muda ambao shata, lile pazia linaloruhusu mwanga kuingia, inabaki wazi. Muda ndio usioweza kuurefusha mtu akitembea. Aliyesimama anaongea anahitaji kama 1/60 ya sekunde. Anayecheza anahitaji 1/125 au zaidi. Kitulizo cha mtikisiko kinachosifiwa kwenye maboksi kinatuliza mkono wako wewe uliyeshika kamera. Hakiwezi kumtuliza anayecheza.

Chukua sebule yenye taa moja ya kawaida, na kamera iliyowekwa ISO 800 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Lenzi yenye f/1.8 itakupa shata ya karibu 1/80. Lenzi yenye f/3.5, ambayo ndiyo imejaa kwenye kamera ndogo za bei rahisi, itakupa kama 1/20 kwa mwanga ule ule. Ya kwanza inamkamata mtu anayeongea. Ya pili inamfanya mzimu. Namba ya f ikipungua tundu linapanuka, na tofauti hii ya f/1.8 na f/3.5, inayoonekana ndogo kwenye karatasi, ni mwanga karibu mara nne.

Sensa ni hivyo hivyo. Kamera ndogo za kawaida zina sensa ya 1/2.3, yaani takriban milimita 6 kwa 4.5. Ile inayoitwa ya inchi moja, kama ya RX100, ni milimita 13.2 kwa 8.8. (Haifiki inchi popote ukiipima, jina ni urithi wa zamani.) Eneo lake ni zaidi ya mara nne ya ile ndogo. Ukizidisha faida ya tundu na faida ya sensa, unaelewa kwa nini kamera ya mwaka 2012 iliyochubuka pembe bado inapata mkono wa bibi.

Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa kamera pia. Siyo kila kamera ndogo iliyosifiwa zamani inafaa leo. Canon S95 ya mwaka 2010 ilipendwa sana, na kwa haki: f/2.0, megapikseli 10, inaingia mfuko wa shati. Lakini sensa yake ya 1/1.7, ingawa ni kubwa kuliko ile ya 1/2.3, siku hizi haiizidi sana ile ya simu nzuri ya bei ya kati, na simu ina programu ambayo S95 haina. Vijana wanazitafuta kamera hizo kwa ajili ya rangi zake za kizamani, na bei imepanda kwa sababu hiyo. Anayependa rangi hizo anunue kwa moyo mkunjufu. Anayetafuta mwanga wa usiku, hapo pesa yake haizai.

Kuna mmoja wa kundi hilo namtetea: Panasonic LX7, nayo ya mwaka 2012. Sensa yake ni ndogo, kama theluthi moja tu ya ile ya RX100. Lakini lenzi yake inaanzia f/1.4, na ukivuta zumu hadi mwisho inabaki f/2.3. RX100 inaanzia f/1.8, lakini inaanza kujifunga mara tu ukigusa zumu, na mwisho wake ni f/4.9. Piga hesabu ya huko mwisho: tundu la LX7 linapitisha mwanga mara nne na nusu kwa kila kipande cha sensa, dhidi ya sensa iliyo kubwa mara tatu. LX7 inashinda. Bila zumu, RX100 inashinda.

Hesabu hiyo ina maana yake kwenye maisha yetu. Uani kwa bibi unaweza kusogea. Hakuna atakayekufukuza ukisimama mita moja na nusu kutoka kwa anayebarikiwa, kwa hiyo RX100, acha zumu, tembea kwa miguu. Kanisani huwezi kupanda altare wakati maharusi wanavishana pete. Unabaki benchi la nne, unavuta zumu, na hapo ile yenye jina dogo inakupa uso wakati ile yenye jina kubwa inakupa ukungu. Nikiulizwa na anayepiga zaidi kanisani, namwambia LX7. Kwa wengine wote nasema RX100 ya kwanza, au Canon G7 X ya mwaka 2014 ikipatikana kwa bei anayoiweza, kwa kuwa nayo ina sensa ya inchi moja na lenzi yake haijifungi kupita f/2.8 hata kwenye mwisho wa zumu.

Kumbini kamera ina faida nyingine ambayo sikuijua hadi ilipoharibu picha zangu za simu. Umeme wetu ni Hz 50, na taa za LED za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni. Simu ikipiga kwa kasi, inasoma sensa mstari kwa mstari, na picha inatoka na mapande ya giza yamekatiza shela la bibi harusi. Kamera hizi ndogo zina shata ndani ya lenzi, inayofungua na kufunga kwa picha nzima, hivyo mistari haitokei, ingawa picha moja inaweza kung'aa kuliko inayofuata. Kwa simu, ukiweza kuweka mwenyewe, kaa kwenye 1/50 au 1/100.

Na RX100 ina kiflashi kinachochomoza juu, ambacho ukikivuta nyuma kwa kidole kinatazama dari. Chini ya dari nyeupe mwanga unarudi umetawanyika, na watu hawatoki na macho mekundu. Chini ya turubai la bluu usijaribu, maana utawapaka watu wote bluu.

Gharama za pembeni ndizo zinazowafanya watu waikimbie kamera, na siwalaumu. RX100 ya kwanza haina Wi-Fi, LX7 vilevile. Utahitaji kisoma kadi cha kuchomeka kwenye simu ndipo uweze kutuma. Utahitaji betri ya pili, kwa sababu iliyokuja na kamera ya zaidi ya miaka kumi itakuaga katikati ya kukata keki. RX100 angalau inachajiwa kwa waya wa USB ndogo ya zamani, ule ambao kila nyumba ina mmoja kwenye droo. Ukijumlisha hayo yote na bado laki tano inatosha, nunua. Kama itabidi ukope, kaa na simu yako ujifunze kuwaambia watu watulie sekunde mbili.

Kuhusu megapikseli nitasema kidogo tu, kwa sababu ndizo zinazouza uongo. Picha ya kuchapisha A4 kwa ubora kamili inahitaji kama megapikseli 9. WhatsApp inahitaji chini ya hapo kwa mbali. Zipo kamera mpya zisizo na jina, zimeandikwa megapikseli 48 kwa herufi za dhahabu, zenye sensa ndogo na programu inayojaza nukta zisizokuwepo. Viwanda vikubwa vya kamera vilitoa zaidi ya kamera ndogo milioni 100 mwaka 2010. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Wengi wa watengenezaji wakubwa wameliacha soko la bei ya chini, na pengo hilo ndilo linalozibwa na maboksi haya. Kamera iliyotumika yenye jina na makovu ni salama zaidi kuliko hiyo mpya.

Ukienda kuitazama, iwe Arusha, iwe hapa Moshi karibu na stendi, iwashe na kuizima mara tano huku sikio likiwa karibu. Vumbi letu la Januari linaingia kwenye lenzi hizi zinazochomoza, na mchanga unasikika kama kusaga meno. Toka nje, weka f/8, piga anga tupu: madoa meusi yasiyohama kutoka picha moja hadi nyingine ni uchafu ulio ndani, na kuutoa ni kuifungua kamera yote. Kisha rudi ndani, mwombe muuzaji azime taa za kioo cha mbele abakize ile moja ya dari, asimame kule mwisho wa kaunta apunge mkono kama anayemuaga mtu stendi. Weka 1/125, ISO 1600, bila zumu, bila flashi. Piga, kisha ikuze picha kwenye kioo cha nyuma hadi kiganja kijae. Ikiwa na chenga usijali. Hesabu vidole.